Dobi Asiyejua Kusoma

Mtaani walikuwa wakisema pasi ya Mama Pasi hainyooshi nguo peke yake, inamnyoosha hata aliyeivaa. Mlevi akivaa shati lililotoka kwake, hutembea wima mpaka jioni. Mstari wa suruali aliouweka yeye, walisema, unaweza kukata nyanya. Lakini wapiga pasi wazuri walikuwepo na wengine, wawili mtaa huohuo, na mmoja wao alikuwa na pasi ya umeme. Kilichowaleta watu kwa Mama Pasi, wengine kutoka mitaa ya mbali, ni kitu ambacho hawakukitaja mbele yake. Walikuja kwa sababu hajui kusoma.

Nguo chafu haiji peke yake. Mifukoni huja na vyeti vya hospitali, namba za simu zilizoandikwa nyuma ya boksi la sigara, na barua za mapenzi zilizokunjwa mara nane. Zamani, alipoanza kazi, Mama Pasi alikuwa na msaidizi, dada mmoja mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Yule dada alisoma barua aliyoikuta kwenye suruali ya fundi saa, na kufika adhuhuri mtaa mzima ulishajua fundi saa anampenda nani, isipokuwa mkewe, ambaye alijua saa tisa. Ndoa ikavunjika. Wateja wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Kwa miezi mitatu Mama Pasi alibaki na mteja mmoja tu, jirani yake muuza mkaa, Mama Gunia, ambaye hakuogopa siri zake kutoka kwa sababu alikwishazisema zote mwenyewe.

Hapo ndipo Mama Pasi alipoweka sheria. Nguo ikiingia, mifuko anapekua yeye, kwa mkono wake, mwingine hagusi. Chochote atakachokikuta, iwe karatasi, iwe ufunguo, iwe jino la bandia, kinaingia kwenye kifuko kidogo cha kitambaa. Mdomo wa kifuko unafungwa kwa uzi, na kifuko kinabanwa kwa pini ndani ya nguo ileile. Nguo ikishapigwa pasi inatundikwa na kifuko chake, na hakuna wa kukifungua ila mwenyewe.

Na wakati wa kupekua, binti yake hugeukia ukutani.

Si kwamba hakumwamini. Alimweleza vizuri, siku ya kwanza kabisa: "Wewe unasoma, mwanangu. Jicho linalosoma halina pazia. Likiona, limeshasoma." Wateja wakimkuta binti amegeukia ukuta hucheka, wakafurahi moyoni, na wiki ifuatayo wakaleta mpaka mashuka.

Binti huyo mtaa ulimwita Kalamu, kwa sababu tangu darasa la kwanza alikuwa na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, na mara nyingine aliisahau akalala nayo. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne, amefaulu, na alichokuwa akikingoja kilikuwa kimoja tu: nafasi ya sekondari ya juu.

Shule ya juu iliyopokea wasichana upande ule ilikuwa moja. Wavulana walikuwa na mabweni matatu. Wasichana walikuwa na bweni moja lenye vitanda arobaini na nane, na hesabu ikaishia hapo. Wasichana waliofaulu mwaka ule walizidi mia.

"Kwa hiyo wanawatahini vichwa," Mama Gunia alisema alipoelezwa, "halafu wanawachagua kwa vitanda."

Orodha ya kwanza ilipobandikwa, Kalamu hakuwemo. Aliisoma mara tatu kutoka juu kwenda chini na mara moja kutoka chini kwenda juu. Mwalimu Mkuu wa shule yake ya zamani, mzee mpole mwenye kikohozi, alimkuta pale ubaoni akamwambia asikate tamaa. Kila mwaka, alimweleza, wapo wasichana wanaochaguliwa wasiende. Huyu ameshaolewa, huyu ana mimba, huyu amepelekwa kulea watoto wa ndugu, huyu kwao wamesema aliyoyasoma yanatosha. Vitanda vyao hugawiwa upya. Orodha ya pili haibandikwi popote. Barua hutumwa kwa Mwalimu Mkuu, naye huifikisha kwa mhusika. Akamhakikishia kwamba ya kwake ikija ataileta mwenyewe nyumbani, kwa vile yeye na mama yake ni watu wa kila wiki. Maana Mwalimu Mkuu naye alikuwa mteja.

Basi Kalamu akawa anangoja wenzake waanguke. Jioni moja alimwambia mama yake kwamba amejikuta akiomba Mungu kitanda cha mtu kibaki wazi, kisha akaona haya katikati ya sala, akaiacha bila kuimaliza. Mama Pasi akamwambia kilicho chako hakikupiti.

*

Koti lilikuja Jumatatu asubuhi. Aliyelileta ni mke wa Mwalimu Mkuu, limefungwa ndani ya shuka pamoja na mashati mawili. Macho yake yalikuwa mekundu. Kaka yake Mwalimu amefariki huko mbali, alisema, na gari linaondoka sasa hivi. Nguo zisiwe na haraka, watazichukua wakirudi. Mama Pasi akampa pole, akamsindikiza mpaka barabarani. Neno la shule lilimfika kwenye ncha ya ulimi akalimeza, kwa kuwa mfiwa haulizwi shida zako.

Aliporudi ndani alimkuta Kalamu ameshalikamata koti na anatafuta brashi.

"Weka," akamwambia. "Mifuko kwanza."

Kalamu akaliweka mezani, akageukia ukuta.

Katika mfuko wa ndani, upande wa moyo, kulikuwa na bahasha ya kaki. Ilikuwa imebandikwa gundi, ina mhuri wa duara, na juu yake maandishi ya wino mzito. Mama Pasi aliigeuza mara moja tu. Maandishi kwake yalikuwa kama nyayo za kuku, lakini mhuri aliujua. Mhuri hata asiyesoma huuheshimu. Alijisemea moyoni kwamba haya ni mambo ya serikali, na mwenyewe yuko msibani.

"Ni nini, mama?" Kalamu aliuliza, uso ukutani. Siku zile aliuliza kila kitu.

"Ni cha mwenyewe."

Akachagua kifuko kikubwa kuliko vyote, akaikunja bahasha mara moja, akafunga uzi mara mbili kwa heshima ya ule mhuri. Kisha akalishughulikia koti kama alivyojua kushughulikia sufu: hakulitia maji, alilipiga brashi kwanza, akalitandikia kitambaa kibichi, na pasi akaiweka na kuiinua, akaiweka na kuiinua, asiiburute. Mvuke ukapanda chumba kizima. Chumba kilikuwa hichohicho kimoja, mchana karakana, usiku nyumba. Koti akalitundika msumari wa tatu toka mlangoni, juu ya mahali ambapo godoro la Kalamu hutandikwa.

Lilikaa pale siku kumi na tisa.

Katika siku hizo Kalamu alikwenda geti la shule yake ya zamani mara nne. Shule ilikuwa imefungwa, yupo mlinzi tu. Mara ya kwanza mlinzi alimwambia Mwalimu hajarudi. Mara ya pili alimwambia hajarudi, lakini barua za orodha ya pili zilikuja kabla hajaondoka, na wasichana wawili wamezipata na wameshakwenda na masanduku yao. Mlinzi aliwataja. Kalamu aliwajua wote wawili. Mmoja walikaa dawati moja.

Hesabu ikawa nyepesi. Barua zilikuja, wenzake wamepata, yeye hakupata. Hakumwambia mama yake siku ile. Alimwambia siku ya pili yake, akiwa anakamua mashuka, kwa sauti ya mtu anayesema sabuni imekwisha. Mama Pasi akasema labda bado ziko njiani. Kalamu akasema labda. Akaenda getini mara mbili zaidi, lakini alikwenda kama mtu anayepita tu.

Mama yake alimtazama akirudi. Alikuwa mwanamke asiyejua kubembeleza kwa maneno, kwa hiyo siku ile alimpa yeye mashati mepesi, akachukua mwenyewe mablanketi.

*

Mwalimu Mkuu alirudi Jumamosi. Aliingia amekonda, kikohozi kimezidi, lakini utani hakuuacha huko alikotoka. Alisema amekuja kuchukua koti lake kwa kuwa mashemeji wamemwachia suruali tu. Mama Pasi akampa pole nyingine, akamfutia kiti majivu. Wakazungumza habari za marehemu na watoto aliowaacha, kisha Mwalimu akatabasamu.

"Haya, na mwanetu je? Bweni analionaje?"

Mama Pasi hakuelewa. Kabla hajajibu, Kalamu aliingia na beseni la nguo zilizokauka. Mwalimu alimwona, na tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Umerudi? Kuna nini, wamekufukuza?"

"Sijaenda popote, Mwalimu," Kalamu alisema. "Barua haikuja."

Mwalimu akamgeukia Mama Pasi. Akamtazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi bora aliyekosa swali la kwanza.

"Ilikuwa kwenye koti," alisema. "Mfuko wa ndani. Niliiweka niilete mwenyewe, mara simu ya msiba ikaingia. Nilipokuwa safarini nilimwuliza mke wangu, koti limefika kwa Mama Pasi? Akasema limefika. Nikashukuru. Nikasema basi, barua nayo imefika. Jina la mtoto limeandikwa juu kwa herufi kubwa." Akakohoa. "Nilipiga hata ile namba iliyo kwenye faili. Haipatikani."

Namba ile ilikuwa ya baba yake Kalamu. Laini ilikufa mwaka aliokufa yeye.

Mama Pasi alisimama. Alikwenda kwenye msumari wa tatu, akalishusha koti, akachomoa pini, akakitoa kifuko. Binti yake alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale, mikono bado kwenye beseni. Mama Pasi akampita, akakiweka kifuko mkononi mwa Mwalimu, kwa sababu koti lilikuwa la Mwalimu, na mkono ulikwishazoea.

Mwalimu alishindwa na ule uzi uliofungwa mara mbili, akaukata kwa meno. Akampa Kalamu bahasha.

Kalamu alilisoma kwanza jina lake juu ya bahasha. Kisha akaifungua akasoma barua taratibu, midomo imefungwa, na mstari wa mwisho akaurudia. Aliyechaguliwa aripoti ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua, asiporipoti nafasi yake atapewa mwingine.

"Imepita," alisema.

Akaikunja barua kwenye mkunjo uleule aliokuwa ameuweka mama yake.

*

Jumatatu walikwenda shule ya juu wote watatu, Mwalimu akiwa amevaa lile koti ingawa jua lilikuwa kali. Aliyewapokea ni makamu wa mkuu wa shule, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, ofisini kwake kumejaa madebe ya rangi na magodoro yaliyochakaa. Mwalimu Mkuu alianza kueleza, kikohozi kikamkata. Mama Pasi akaendelea mwenyewe. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo ndani ya ofisi ya mtu. Aliisema sheria ya mifuko, kifuko, pini, na msumari wa tatu.

Makamu alivua miwani.

"Kwa hiyo barua ilikuwa kwako."

"Ndiyo."

"Siku zote hizo."

"Imetundikwa, ndiyo. Na koti."

Makamu akaifuta miwani. "Mama yangu," alisema hatimaye, "natamani ungeniambia iliibiwa njiani. Ningejua niseme nini."

Kisha akawaeleza, na hakuwaeleza kwa ukali. Siku ya kumi na nne alikaa getini mpaka likafungwa, kwa kuwa jina la Kalamu ndilo pekee lililobaki. Siku ya kumi na tano akasubiri mpaka mchana. Siku ya kumi na sita akamwita msichana aliyefuata, naye akafika siku ileile, baba yake amembebea godoro kichwani. Yumo darasani hivi sasa. "Nikimtoa huyo," alisema, "nitakuwa nimewakosea wawili badala ya mmoja."

Mama Pasi akasema mwanawe atalala chini. Ataleta godoro, ataleta hata mkeka, hahitaji kitanda. Makamu akasema walikuwepo wanne waliolala chini mwaka jana, nje ya hesabu, na mkaguzi akija walikuwa wakikaa jikoni kama wapishi. Mwezi uliopita mkaguzi alipitia mlango wa jikoni. Wote wanne wamerudishwa kwao, na yeye ana barua ya onyo kwenye droo.

Mwalimu akauliza habari za mwakani. Makamu akamtazama kwa kumshangaa kidogo, kwani Mwalimu alilijua jibu. Mwakani wanachukua wa mwakani. Wa miaka ya nyuma hufikiriwa vitanda vikibaki.

"Na huwa vinabaki?" Mama Pasi aliuliza.

"Havijawahi."

Makamu akamgeukia Kalamu. Alimwuliza kwa upole somo alilolipenda. Akajibu kemia. Makamu akatikisa kichwa, akavaa miwani yake, akasema mwalimu wa kemia wenyewe hawana tangu mwaka juzi, kama hilo linampoza.

Walipotoka, madarasa yalikuwa yameachiwa. Wavulana wakapita kundi baada ya kundi, uwanja mzima ukajaa mashati meupe. Wasichana walipita kwa pembeni, wachache, wakishikana mikono, na mmoja wao, yule wa dawati moja, akamwona Kalamu akakimbia kuja kumkumbatia. Alimwuliza kwa furaha yuko mkondo gani. Kalamu akasema amekuja kuwasalimu tu. Mama Pasi alitazama kola ya yule mtoto. Ilikuwa imepigwa pasi vibaya, imeanzia katikati badala ya kuanzia kwenye ncha, na akili yake ikaishikilia hiyo kola kwa nguvu, ikakataa kutazama kingine.

*

Mwalimu Mkuu aliona ana deni la heshima. Kila alikopita alisimulia: kwenye vikao vya walimu, kwa kinyozi, msikitini na kanisani alikoalikwa. Alijilaumu mwenyewe mbele za watu, na kila alipojilaumu alimsifu yule mama. Mwanamke aliyekuwa na barua ya mwanawe ndani ya nyumba yake siku kumi na tisa asiiguse, kwa kuwa ilikuwa kwenye koti la mtu. Alisema katika miaka yake yote hajaona uaminifu wa namna ile.

Alikusudia mema. Na habari ile ikafanya kazi.

Wiki ya kwanza walikuja karani wa mahakama na mkewe, kila mmoja kwa wakati wake. Wiki ya pili alikuja daktari. Kisha wakaja watu wa mitaa ambayo Mama Pasi aliijua kwa jina tu, wameshika vifurushi, wanauliza ndiye yule. Mmoja wao, mwanamke aliyevaa vizuri, alimshika mkono akasema mtu kama wewe siku hizi hayupo, mtu asiyefungua hata cha mwanawe. Mama Pasi alisema asante. Baada ya hapo alikwenda uani akanawa ule mkono, na hakujua kwa nini.

Nguo zikajaa misumari, zikajaa kamba, zikapangwa juu ya godoro mchana kutwa. Mpiga pasi mwenye pasi ya umeme alihamia mtaa mwingine. Mama Gunia sasa alileta mkaa gunia zima kila baada ya siku tatu, akitweta kwa uzito na kwa furaha.

"Lakini shoga yangu, umeula," alimwambia siku moja akilitua gunia. "Wengine tunahangaika miaka kutafuta jina, wewe umelipata kwa koti moja."

Mama Pasi akapuliza majivu ya pasi. Mama Gunia, ambaye ulimi wake haukuwahi kumwuliza ruhusa, alimwona Kalamu pembeni akapunguza sauti, akasema basi mimi niendelee na safari zangu.

Kalamu alikuwepo pale kutwa, maana ilibidi inunuliwe pasi ya pili, na pasi ya pili ilikuwa ya Kalamu. Alisimama nayo tangu asubuhi, meza yake imepakana na ya mama yake. Alijifunza haraka, kama alivyojifunza kila kitu. Alijua tayari kupuliza majivu akiwa amegeuzia nguo mgongo. Alijua kuusikia moto kwa kuuleta uso karibu. Mwezi wa pili haukuisha kabla wateja hawajaanza kusema hawajui tena shati gani ni la mama na lipi la binti, na walilisema kama zawadi.

Hakununa. Hakupunguza chakula. Akiitwa aliitika. Mama yake angefurahi kama angevunja kitu.

Alasiri moja, mtu wa mwisho alipokwisha kuondoka, Mama Pasi aliiweka pasi yake juu ya kigae. Alikwenda akasimama upande wa pili wa meza ya binti yake, ili uso wake usikwepeke.

"Nilaumu," alisema. "Neno moja tu. Nitukane, sitakwambia kitu."

Kalamu aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka kazini, basi, hakuna zaidi ya hapo.

"Mama, haya ya karani yanatakiwa saa kumi."

Alingoja mama yake asogee, asimzibie mwanga. Aliposogea, akalivuta shati jingine, akalitandaza, akaanza na kola, kwenye ncha.